Daftari la Wadeni: Niliyojifunza Nilipoandika Historia ya Hospitali ya Misheni

Nilipostaafu kufundisha somo la historia katika shule moja ya sekondari mkoani Ruvuma, bodi ya hospitali ya kanisa iliyo jirani na kijiji chetu iliniomba niiandikie kitabu kidogo cha historia yake. Walitaka kurasa zisizozidi sitini, zenye picha za kutosha, salamu za baba askofu mwanzoni na orodha ya waganga wafawidhi mwishoni. Mwenyekiti alinihakikishia kwamba kazi yenyewe ni ya kukusanya tu, kwa kuwa kila kitu kipo ofisini. Ofisini palikuwa na kabati moja lenye kufuli isiyo na ufunguo, na fundi alipolifungua tulikuta rejesta zilizoliwa na mchwa hadi katikati, stakabadhi za dizeli, na picha za wageni ambao hakuna aliyewajua. Kazi iliyotarajiwa kumalizika kabla ya mavuno ilipita mavuno kadhaa, ikala sehemu nzuri ya kiinua mgongo changu, na ikanigombanisha kwa muda na watu ninaosali nao.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwingine atakayepewa kazi kama hiyo, kwa sababu hospitali za namna hii ni nyingi nchini na wazee wanaozijua wanakwisha. Hospitali yenyewe sitaitaja. Baadhi ya walionisimulia waliniomba hivyo, na mambo ya wagonjwa na madeni yao si ya kuwekewa anwani. Inatosha kusema kwamba ni hospitali ya kijijini, kwamba ilizaliwa na kazi ya Wabenediktini, watawa Wakatoliki wa Peramiho, na kwamba masika yakikolea gari la wagonjwa hulazimika kusubiri maji ya mto yapungue.

Swali ambalo kamati ilitaka jibu lake haraka kuliko yote lilikuwa mwaka wa kuanzishwa, maana walikwisha kufikiria jubilei. Mwaka mmoja haupo. Upo mwaka ambao mtawa alianza kufunga watu vidonda barazani, upo mwaka ambao zahanati ilipata chumba chake, upo wa kuezekwa wodi ya kwanza, wa kuhamia kwa daktari wa kwanza, na wa serikali kuiandikisha kuwa hospitali. Na kati ya ule wa kwanza na huu wa mwisho mtoto angezaliwa, akakua, akaoa na kupata wajukuu. Kijitabu cha zamani cha parokia kilichukua mwaka wa jiwe la msingi la kanisa kikaufanya kuwa mwaka wa hospitali, na kosa hilo likanakiliwa kwenye kalenda, fulana na ubao wa getini. Anayeanza kazi hii asikubali kupewa mwaka mkononi. Aiandike miaka yote, kila mmoja na tukio lake, kisha awaachie wenye hospitali wachague wa kusherehekea.

Historia ya hospitali yoyote ya upande wetu haielezeki bila Peramiho, na ya Peramiho haielezeki bila Vita vya Majimaji. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walifika hapo mwaka 1898, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, mahali palipo kilomita zaidi ya ishirini magharibi ya mji wa Songea. Miaka saba baadaye misheni ile ilikuwa majivu. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa njiani kutoka Kilwa kuja huku. Wangoni walijiunga na vita mwezi Septemba. Serikali ya Wajerumani ililipiza kwa kunyonga na kwa moto. Chifu Mputa Gama na makumi ya viongozi wengine walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, siku ambayo mji ule unaiadhimisha hadi leo, na mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi, ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Vijitabu vingi vya parokia hupita hapo kwa sentensi mbili kisha hurukia habari njema ya dawa za kizungu. Mimi sikuweza kupita hivyo, kwa sababu nusu ya wazee niliokwenda kuwahoji ni wajukuu wa watu waliokunywa maji yale yaliyosemekana kugeuza risasi, na nusu nyingine ni wajukuu wa wakatekista. Vita vile vilipiganwa kwa imani ya dawa. Misheni ilipojengwa upya, watu waliokwenda kufungwa vidonda na kupewa uji walikuwa wameshuhudia dawa moja ikiwaangusha vibaya, na sasa walikuwa wanapewa nyingine na watu wa kabila la wale waliowachomea maghala. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini babu yake alikubali kutibiwa na Wajerumani baada ya yote hayo. Alinitazama kama mtoto asiyejua njaa, akasema kwamba babu yake alikuwa na donda na misheni ilikuwa na bendeji. Atakayeandika historia kama hii aanzie Makumbusho ya Majimaji pale Songea kabla hajafungua kabrasha lolote la kanisa. Atajua ni nani anaongea naye.

Makabrasha ya kanisa yana thamani yake, tena kubwa. Wabenediktini wana desturi ya kuweka kumbukumbu za kila nyumba, siku kwa siku: mvua, wageni, vifo, ng'ombe aliyeliwa na simba, paa lililoezuliwa. Tatizo ni kwamba za miaka ya mwanzo zimeandikwa kwa Kijerumani, tena kwa mwandiko wa zamani ambao hata kijana wa Kijerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Nilitumia fedha nyingi kumlipa mtu aliyejitangaza kuwa mfasiri, akanirudishia kurasa zenye mapengo kila palipokuwa na neno la kitabibu. Aliyeniokoa ni mtawa mzee aliyejifunza mwandiko ule kwa bibi yake utotoni, ambaye alinisomea kwa sauti jioni baada ya masifu huku mimi nikiandika kwa Kiswahili, wala hakutaka malipo isipokuwa nakala ya kitabu kikitoka. Ulizia mtu wa namna hiyo kabla ya kufungua pochi.

Kuna jambo la kuangalia katika maandishi hayo. Shirika la Mtakatifu Ottilia lilikuwa na gazeti lake la misheni, lililosomwa na waamini wa Ujerumani ambao ndio waliotoa sadaka, na barua nyingi kutoka huku ziliandikwa zikichapishwe humo. Barua ya kuomba fedha huonyesha shida kuliko ilivyo na shukrani kuliko ilivyokuwa. Mgonjwa ndani yake hana jina, ana vidonda tu, na mwisho wake hupona au hubatizwa. Kumbukumbu za nyumba, ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya mfadhili, zinasema mambo mengine: kwamba dawa ziliisha, kwamba watu waligoma kubeba mizigo, kwamba sista fulani alichoka na kulia. Nilipopata maandishi ya aina zote mbili kuhusu tukio moja, niliamini yale ambayo hayakuomba kitu.

Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, nao walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Aliyekuwa amekabidhiwa uongozi wa kanisa kusini yote tangu 1922, Gallus Steiger, alikuwa Mswisi, jambo lililosaidia sana mbele ya serikali mpya. Mwaka 1931 Peramiho na Ndanda, misheni ya upande wa Mtwara, zikawa abasia mbili, yaani monasteri kubwa zinazojitegemea, kila moja na eneo lake kama jimbo. Miaka hiyo ndiyo iliyojaza zahanati zetu watu, na sababu yake ilikuwa buba.

Wasomaji vijana huenda hawajawahi kuiona buba. Ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya ngozi na mifupa, ulioenea kwa watoto, na kabla ya penisilini ulitibiwa kwa sindano za dawa zenye aseniki au bismuthi. Zilikuwa na hatari zake, lakini kidonda kilichokaa miezi kilikauka ndani ya siku chache mbele ya macho ya kijiji kizima. Hakuna mahubiri yaliyowahi kufanya kazi hiyo. Watu walitembea siku nzima kufuata sindano, na wazee niliowahoji, ambao walisimuliwa na mama zao, waliizungumzia sindano kwa heshima ambayo hawakuitumia kwa kitu kingine chochote cha hospitali. Muuguzi mmoja wa sasa aliyekuwa amekaa nasi alicheka, akasema sasa ameelewa kwa nini mgonjwa wake akiandikiwa vidonge tu huondoka akinung'unika kwamba hakutibiwa.

Sehemu iliyonipa kazi kubwa kuliko zote, na ambayo nisingeibadilisha kwa nyingine, ni ya uzazi. Katika kumbukumbu za miaka ya mwanzo niliona vidonda, homa, meno yaliyong'olewa, watu walioumwa na nyoka, lakini wanawake wa kujifungua karibu hawamo. Nilidhani kurasa zimepotea. Maelezo niliyapata kwa yule mtawa mzee: sheria na desturi za kanisa za wakati ule hazikuona kuwa ukunga na upasuaji ni kazi za mtu aliyeweka nadhiri, na masista wengi walizuiwa kuzigusa. Ni mwezi Februari 1936 tu ambapo Roma, kupitia idara yake ya uenezaji wa imani, ilitoa maagizo ya kuwaruhusu watawa wa kike kusomea udaktari na ukunga na kuzifanya kazi hizo katika nchi za misheni. Ndanda kulikuwa na Sista Thecla Stinnesbeck wa shirika la masista Wabenediktini wa Tutzing, Ujerumani, aliyekuwa daktari tangu miaka ya kati ya vita kuu mbili, lakini mtu kama yeye alikuwa nadra. Kwa hiyo kwa muda mrefu hospitali za misheni zilijengwa katikati ya wanawake wanaojifungua, na wanawake hao waliendelea kujifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi, ambao majina yao hayamo katika kumbukumbu yoyote.

Niliamua kuyatafuta. Nilianza vibarazani, nikifika saa za jioni, na kila bibi niliyemuuliza hospitali ilikuwaje zamani alinipa hotuba ya shukrani kwa mapadre, neno kwa neno kama zinavyotolewa kwenye misa ya mavuno. Swali pana huzaa jibu la kanisani. Mambo yalibadilika nilipoanza kuuliza habari za vitu: kuni za kuchemshia sindano alileta nani, sabuni ilitoka wapi, nguo za damu zilifuliwa mto gani, usiku taa ikizimika nani aliamshwa. Bibi mmoja, aliyeanza kazi ya kufua akiwa msichana na kumaliza akiwa mkunga msaidizi, alizungumza kutwa nzima. Alieleza jinsi glavu za mpira zilivyooshwa, zikakaguliwa kwa kujazwa maji, zikaanikwa, zikapakwa poda na kuvaliwa tena. Jinsi bendeji zilivyofuliwa na kuviringwa na wagonjwa wenyewe waliokuwa na nafuu. Na jinsi sista mgeni alivyomwita bibi yake mzaa mama, mkunga wa jadi, usiku wa manane mtoto alipokaa vibaya, akaingia wodini kwa mlango wa nyuma, akafanya alilolijua, na asubuhi yake likaandikwa jina la sista.

"Hakulitaka jina," bibi aliniambia. "Alitaka sukari, na sukari alipewa."

Hilo nililiweka katika kitabu kama lilivyo, na ndilo lililoanzisha manung'uniko ya kwanza katika kamati. Baadhi waliona ninamvunjia heshima sista. Sikuona hivyo na sioni hivyo. Sista aliyemwamsha mkunga wa kijiji badala ya kumwacha mama afe kwa kulinda cheo chake alifanya kazi ya utume kuliko hotuba zote nilizosikia. Nilichokataa ni kuendeleza uandishi wa asubuhi ile.

Kwa anayekwenda kuhoji wazee nina machache ya kumwambia. Aende kiangazi, kwa sababu masika wako shambani na usiku wamechoka. Amchukue mjukuu anayejua lugha ya nyumbani vizuri, kwa kuwa Kingoni au Kimatengo hutoka pale jambo linapouma, na Kiswahili humalizikia kwenye adabu. Asiweke simu ya kurekodia mezani kabla ya kuomba, wala asipige picha siku ya kwanza. Apeleke kitu, sukari au sabuni, akikabidhi mwanzoni kama mgeni na si mwishoni kama mnunuzi. Na arudi tena, maana mzee akilala nalo hukumbuka zaidi. Wawili kati ya wasimulizi wangu walifariki kabla sijarudi, na pengo lao liko wazi kwenye sura ya nne.

Kundi jingine lililosahaulika ni la madresa. Hawa walikuwa vijana wa hapahapa waliofundishwa kazini kusafisha vidonda, kuchoma sindano, kupima kinyesi kwa hadubini na, daktari akiwa safarini, kufanya mambo ambayo leo yanahitaji shahada. Baada yao wakaja waganga wasaidizi na wauguzi waliosomea, pamoja na masista Waafrika, hasa Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika lililoanzishwa mwaka 1938. (Masista hao hao leo wana mtambo wa umeme wa maji wa Tulila katika mto Ruvuma, na wanaiuzia umeme TANESCO, ninalitaja kwa sababu mtu akisikia neno masista huwaza rozari tu.) Niliomba kuona mishahara ya madresa. Niliambiwa hayo si mambo ya historia. Nilipoipata kwa njia ya familia, kwa barua za ajira zilizotunzwa ndani ya Biblia, niliona kwamba kwa miaka mingi hospitali ilisimama kwa sababu watu hao walikubali kulipwa kidogo kuliko wenzao wa serikalini, wengine kwa moyo wa imani na wengine kwa kukosa pa kwenda. Wote wawili wanastahili kuandikwa, na si lazima tuseme nani alikuwa nani.

Kuhusu ukoma nilikwenda polepole kuliko penginepo. Misheni za kusini zilikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma, watu walioishi humo miaka na miaka, wakaoana, wakalima, wakazikwa humo. Dawa ya dapsoni ilipofika, kisha matibabu ya dawa mchanganyiko yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, makazi hayo yalipoteza sababu yake, lakini watoto wa waliokaa humo wako hai na baadhi hawajawaambia wake zao. Nilikuwa na rejesta yenye majina. Niliirudisha bila kunakili jina hata moja. Tangu nchi ipate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili lina uzito wa kisheria pia, na mwandishi anayejitolea asidhani kwamba ruhusa ya mganga mfawidhi inatosha. Kwa kila jina la mgonjwa niliomba ridhaa ya mwenyewe au ya familia kwa maandishi, na picha za kale zenye watu waliovuliwa nguo ili vidonda vionekane sikuzichapisha, ingawa ndizo zilizokuwa safi kuliko zote.

Hospitali hizi zilivuka uhuru na Azimio la Arusha kwa namna ambayo vijana hawaijui. Shule za mashirika ya dini zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969. Hospitali za vijijini hazikuchukuliwa, ingawa kubwa zaidi hazikuwa salama: Bugando ya Mwanza, iliyojengwa na kanisa, ilichukuliwa mapema miaka ya 1970 na kurudishwa kwa maaskofu mwaka 1985. Mwaka 1977 matibabu ya kibinafsi ya kutafuta faida yalipigwa marufuku, hadi 1991, lakini mashirika ya dini yaliendelea kuruhusiwa. Serikali ilitoa ruzuku kwa vitanda, ikawaazima watumishi inaowalipa mishahara, na palipokosekana hospitali yake ikaifanya ya kanisa kuwa hospitali teule ya wilaya. Mwaka 1992 makanisa na serikali walitia sahihi makubaliano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Ndiyo maana katika wodi moja leo utakuta muuguzi anayelipwa na halmashauri na mwenzake anayelipwa na jimbo, kazi ileile, marupurupu tofauti, na hakuna sura ya kitabu changu iliyosomwa kwa makini na watumishi kama hiyo.

Sasa fedha. Watu wa kwetu wanasema mambo mawili kuhusu hospitali ya kanisa, mara nyingi mtu yuleyule katika mazungumzo yaleyale: kwamba inapaswa kuwa ya bure kwa kuwa ni ya Mungu, na kwamba imekuwa biashara. Nilitaka kujua ni lini ilikuwa bure. Haikuwa. Hata enzi za buba watu walileta kuku, mayai, mahindi, au walilipa kwa kukata kuni na kufyatua tofali, na wodi ya wanaume imejengwa kwa tofali za wadeni. Kilichoifanya ionekane bure ni kwamba gharama kubwa zaidi zililipwa na mtu mwingine ambaye kijiji hakikumwona: mzee wa Bavaria aliyetuma sadaka kila Kwaresima, sista asiye na mshahara, dresa aliyelipwa kidogo. Mzee wa Bavaria amekufa na watoto wake hawaendi kanisani. Masista wazungu wamezeeka. Dresa amestaafu, na anayeshika nafasi yake ana mkataba na haki zake, jambo ambalo ni jema. Serikali ilianzisha uchangiaji wa huduma katika hospitali zake mwaka 1993, bima ya afya ya watumishi ikaanza 2001, na msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee, ambao ni haki katika vituo vya umma, katika hospitali ya kanisa hutegemea mkataba wake na halmashauri. Mgonjwa hajui hayo. Anajua tu kwamba ameambiwa alipe. Anayempeleka mgonjwa hospitali kama hizi aulize dirishani mapema kama mkataba upo na unahusu huduma gani, aende na barua ya rufaa ya zahanati, na kadi ya bima aikague kabla ya safari, si baada ya upasuaji.

Habari za malipo ya wagonjwa wenyewe nilizipata kwenye daftari nililolikuta stoo ya dawa, chini ya maboksi ya dripu: daftari la wadeni. Kila mstari ulikuwa na jina, kijiji, kiasi, na kitu kilichoachwa rehani, baiskeli, redio, jembe, debe la ufuta, na safu ya mwisho iliyojazwa kwa kalamu nyekundu ama "amelipa" ama "amesamehewa". Nilikaa nalo wiki nyingi nikihesabu. Walioandikiwa kusamehewa waliwazidi mbali waliolipa, na katika miaka ya shida zaidi ya dawa na fedha, badala ya kupungua, waliongezeka. Nilikuwa nimesoma maneno ya utume wa hospitali kwenye fremu iliyoko mapokezi, yameandikwa vizuri na yanaweza kutundikwa popote. Safu ile ya kalamu nyekundu isingeweza kutundikwa kwingine.

Lakini daftari hilohilo lilikuwa na kurasa za namna nyingine. Wapo walioandikiwa kwamba wamezuiwa wodini hadi ndugu walete fedha. Na kulikuwa na swali ambalo wazee wawili waliniuliza mimi kabla sijawauliza lolote, kwamba je, nitaandika habari za maiti iliyokaa mochwari kwa ajili ya deni? Nilimfuata mtu aliyekuwa anashika ufunguo miaka hiyo. Hakukana. Alieleza mshahara wa watumishi ulivyokuwa haujalipwa, jenereta lilivyokuwa halina mafuta, na jinsi agizo lilivyotoka juu. Kisha akaniambia jina la marehemu, ambalo hakuwa amelisahau, na akaniomba nisiliandike. Niliandika tukio, nikaacha jina la marehemu na la aliyetoa agizo.

Bodi ilikutana kuhusu kurasa hizo zaidi ya mara moja. Mjumbe mmoja alisema tunawapa maadui silaha. Mwingine, mfanyabiashara ninayemheshimu, alisema wafadhili wapya wakisoma madeni yaliyosamehewa watauliza usimamizi uko wapi. Padre mwenyekiti alinyamaza muda mrefu, na mimi nilikwisha kujiandaa kuondoka na muswada wangu mkononi, kwa kuwa hatukuwa tumeandikiana mkataba wowote unaosema nani mwenye neno la mwisho. Mkataba huo uandikwe kabla ya safari ya kwanza, hata kama bodi nzima ni ndugu zako wa damu; utaje nani anagharimia nauli na ufasiri, nani anasahihisha, na ni mambo gani yanayoweza kuondolewa na kwa sababu ipi. Mwishowe aliyeamua ni matroni, ambaye hakuwa amesema neno kikao kizima. Aliomba daftari lenyewe, akalifungua, akamwonyesha yule mfanyabiashara mstari wenye jina la mama yake mzazi na neno lililofuata kwa wino mwekundu.

Sura ilibaki, na majumla ya fedha, bila majina. Ili kupata nafasi tulipunguza salamu, na orodha ya waganga wafawidhi ikawekwa kwa herufi ndogo. Kuchapa nakala mia tano kuligharimu zaidi ya shilingi milioni nne, nyingi zikiwa zangu, na kinauzwa bei ambayo haitazirudisha. Nakala moja iko kwa mtawa mzee, moja kwenye maktaba ya abasia, na daftari limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha likafungiwa kwenye sanduku la bati lisiloingia mchwa. Mwezi uliopita mhasibu wa hospitali ameniita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bodi ingependa toleo la pili lieleze hospitali inajipangaje. Nimemwambia nitakuja, mradi anionyeshe wadeni wa mwaka huu wameandikwa wapi, maana wanasema sasa wako kwenye kompyuta.